Herufi Kumi na Nne za Mzee Subiri

Kuna mtu aliitwa mwongo kwa ajili yangu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na nikanyamaza. Naona heri niandike habari zake sasa, kabla sijazeeka nikaanza kuzisimulia kwa namna ya kujisafisha.

Sisi wa kitengo cha utafiti wa macho tulimwita Mzee Subiri, na jina hilo alikuja nalo mwenyewe kutoka kazini kwake. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa opereta wa simu kwenye jengo moja kubwa la ofisi, enzi zile za ubao wenye matundu na waya. Alipokea simu, akauliza unamtaka nani, akachomeka waya kwenye tundu lake na kusema, “Subiri kwenye laini.” Aliapa kwamba alimjua mtu kwa pumzi tu, kabla hajatamka neno: huyu ana msiba, huyu anampigia kimada, huyu anataka kumdanganya bosi kwamba anaumwa. Alisikia siri za jengo zima na hakutoa hata moja. Mkewe aliniambia kwamba alimbembeleza mpaka akachoka, maana mama wa watu alipenda umbea na alikuwa ameolewa na ghala lake, tena ghala lenye kufuli.

Alipofika miaka sabini na mbili, macho yakaanza kumtupa mkono. Ni ule ugonjwa wa uzee unaokula katikati ya jicho na kuacha pembeni. Alimwona jirani masikio, uso hakuuona. Gazeti alilishika kwa mazoea tu, na mkewe alipopita mbele yake alimtambua kwa mlio wa kandambili. Ndipo mtu akamwambia kuhusu utafiti wetu.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa mwanzo kabisa. Dawa mpya, watu sita, dozi ndogo ya sindano ndani ya jicho, ili kuona kwanza kama haidhuru. Ikionekana salama, na ikionekana kuna dalili hata kidogo ya kufaa, watu wengine sita wangechomwa dozi maradufu. Daktari mkuu alimweleza hayo yote mara mbili, na Mzee Subiri akajibu, “Daktari, hata zamani mtu wa kwanza kuwekewa simu hakuwa na wa kumpigia. Nichome.”

Siku ya kuanza alipimwa na mwenzangu mmoja, mtu mkavu asiyecheka hata kwenye harusi. Mzee akapata herufi thelathini na moja. Akachomwa sindano. Wiki ile ile mwenzangu akaenda likizo ya uzazi, na mimi nikakalia kiti chake.

Chumba cha kupimia hakina dirisha. Upande mmoja kuna ubao wa herufi wenye taa kwa nyuma, na upande wa pili, mita nne kamili, kuna kiti kilichowekewa utepe sakafuni ili kisisogee. Mgonjwa hufunikwa jicho moja, anasoma herufi moja moja, nami nazungushia duara zile alizopatia. Mwongozo unasema mpimaji asioneshe kwa neno, kwa sauti wala kwa uso kama mgonjwa amepatia au amekosea. Mgonjwa ana ruhusa ya kubadili jibu, alimradi hajasoma herufi inayofuata. Niliusoma mwongozo huo, nikafanya mtihani wake, nikapewa cheti. Kilikuwa kimebandikwa ukutani nyuma ya kichwa changu.

Lakini mbele yangu alikuwa amekaa mtu wa umri wa baba yangu, amekunja shati vizuri, jasho linamtoka kwa kuhangaika na herufi moja. Nimkaushie tu? Nilishindwa. Akipatia nilisema, “Haya.” Akikosea nilisema kwa upole, “Tulia, baba. Itazame vizuri.” Nilijiona nina adabu.

“O,” alisema.

“Tulia, baba.”

“C?”

“Tulia.”

“Basi ni D, huyu mkorofi.”

“Haya.”

Mwezi wa kwanza akapata thelathini na nane. Mwezi wa pili arobaini na tano. Herufi kumi na nne zaidi! Daktari alitoka ofisini kwake akanipa mkono, kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza dawa, na mimi nikaupokea mkono huo kwa fahari. Wagonjwa wawili kati ya wale sita walikuwa wamevimba macho wiki nzima, na kamati inayosimamia usalama wa utafiti ilikuwa imeanza kunung'unika kwamba dawa isimamishwe. Herufi za Mzee Subiri ziliwanyamazisha.

Siku hiyo hiyo mkewe alinivuta pembeni ya korido. “Mwanangu, mnasema mzee anaona. Mbona bado anamimina chai nje ya kikombe?”

“Macho huchukua muda, mama,” nilimjibu.

Jibu hilo nilitoa wapi, sijui. Lilinitoka laini, nalo likamtosha.

Mwezi wa tatu alikuja mkaguzi kutoka kampuni yenye dawa. Alikaa pembeni na kompyuta yake mapajani, mtu mpole, akaniambia nifanye kama siku zote. Woga ukanishika. Nikajikumbusha mwongozo mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza nikafunga mdomo kama nilivyofundishwa.

“O,” alisema Mzee Subiri.

Nilinyamaza.

“C?”

Kimya. Nilisikia feni ya kompyuta ya mkaguzi.

“Mwanangu, upo?”

“Nipo, baba. Endelea.”

“Mbona leo huniambii?”

Mkaguzi aliinua kichwa. “Hakuambii nini, mzee?”

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa kidogo kidogo. Yote yalinijia kwa mkupuo, miezi yote, “haya” zote na “tulia” zote. Mzee hakuwa akisoma ubao. Alikuwa akinisikiliza mimi, na hakuwa akifanya hila yoyote. Alidhani kipimo ndivyo kilivyo, kwamba mimi na yeye tunaitafuta herufi pamoja. Pumzi ilinikata. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti na cheti.

Mzee Subiri aligeuza uso upande wangu, na kifuniko chake cha jicho kimekaa upande. Alisikiliza. Kisha akamgeukia mkaguzi.

“Nitakuambia ukweli, bwana mkubwa. Nilikuwa nimekariri ubao wenu. Nilikuwa najifanya nasoma; nikisahau, namwomba binti anikumbushe, naye hataki. Leo kichwa kimenitoka. Mnisamehe.”

Nilikuwa na kalamu mkononi. Neno moja tu lilitosha: “Hapana.” Mdomo ukawa mzito, na kadiri nilivyokawia ndivyo lilivyozidi kuwa gumu, mpaka mkaguzi akaanza kuandika na wakati wake ukapita. Walimaliza kipimo. Herufi ishirini na tisa, mbili pungufu ya alizoanza nazo.

Daktari alifadhaika sana. Alimwambia Mzee mbele ya mkewe kwamba watu wangeweza kuumia kwa ajili ya uongo wake. Mzee aliinamisha kichwa, akasema ndiyo, anafahamu. Kwenye fomu ya kumwondoa iliandikwa “udanganyifu wa mshiriki”, na pale palipohitaji saini ya shahidi nikatia saini mimi. Nikamshika mkono mpaka mlangoni kwa heshima zote. Heshima! Nilikuwa nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Na ubaya haukuishia hapo. Kwa kuwa mwongo amepatikana, vipimo vyangu vingine vyote vikabaki safi. Kulikuwa na mama mmoja aliyeongeza herufi sita mkononi mwangu, na fundi baiskeli aliyeongeza tano. Kamati ikaona dalili inatosha. Kundi la pili likapangiwa Alhamisi ya wiki ya pili yake, dozi maradufu. Niliwaona wakija kusajiliwa, watu sita, wawili wameshikana mikono kama watoto wa shule. Niliwaandikia majina na kuwaelekeza maliwato.

Siku kumi na moja nilikaa hivyo. Nilikula, nililala, niligombana na mume wangu kwa mambo ya kipuuzi. Kila asubuhi niliapa kwamba leo nasema, na kila jioni nilijipa sababu. Siku ya kumi na moja, Jumatatu, badala ya kwenda kwa Daktari nilikwenda nyumbani kwa Mzee Subiri. Nilitaka anisamehe kimyakimya, mambo yaishe, nami nibaki na kiti changu. Huo ndio ukweli wa safari yangu.

Mkewe alinifungulia. Nilimpa shikamoo. Aliponitambua alinishika mikono yote miwili.

“Marahaba, mwanangu. Nilitaka nije mwenyewe, miguu ikakataa. Utusamehe. Mzee wetu ametuaibisha kwenu. Wewe ulivyokuwa ukimtunza vizuri! Utusamehe sana.”

Nilisema, “Si neno, mama. Yamekwisha.”

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta. Lakini ndivyo nilivyosema.

Alinielekeza ua wa nyuma. Mzee alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki. Mkewe alinieleza njiani, kwa sauti ya chini, kwamba tangu siku ile hamsemeshi ila kwa lazima, na kwamba wakwe zake wanamtania mezani: babu kapiga chabo na mtihani bado kafeli.

“Nilikujua tangu getini,” alisema Mzee. “Unapumua kama mtu aliyebeba jiwe. Kaa.”

Nilikaa. “Baba, kwa nini ulisema vile?”

“Nilikusikia. Pumzi kama ile ni ya mtu mwenye kitu cha kupoteza. Mimi nilikuwa na kitu gani? Macho yameshakwenda.”

“Jina lako, baba.”

Alipapasa ukingo wa kiti.

“Hilo sikulifikiria mpaka nilipofika nyumbani,” alisema. “Nilisema vile ili upate nafasi ya kuvuta pumzi, useme mwenyewe. Dakika moja, basi mbili. Wewe umechukua siku kumi na moja.”

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Nikamwambia kuhusu Alhamisi. Kwamba wale sita watachomwa dozi maradufu kwa sababu ya vipimo vyangu. Alishtuka, akasimama, akasahau kwamba haoni na kugonga ukuta kwa goti. “Na umekuja kukaa hapa na mimi? Ondoka! Nenda sasa hivi!” Hapo ndipo alipopandisha.

Nilimkuta Daktari akifunga ofisi. Nilimweleza yote nimesimama korido, na watu wanapita na mabeseni. Alivua miwani.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu siku ya mkaguzi.”

“Na hawa watu ningewachoma Alhamisi hii,” alisema. Akafungua tena ofisi akaanza kupiga simu.

Sikulia. Sikuona kama nina haki hiyo. Watu watano waliobaki walipimwa upya na mtu aliyeletwa kutoka hospitali nyingine, naye hakuona nyongeza kwa yeyote. Dawa ikasimamishwa. Wale sita wakapigiwa simu wasije, na mmoja wao, niliambiwa, alilia kwa kukosa. Mimi nikatolewa chumba cha kupimia nikapelekwa kupanga mafaili.

Baada ya wiki tatu Daktari alinipa barua ya Mzee Subiri, nimpelekee kwa mkono wangu. Sikuuliza kama ni adhabu au ni huruma. Nilimkuta sebuleni, na mkewe amekaa mbali naye, karibu na mlango, anachambua mchele.

“Nisomee,” alisema Mzee.

Niliisoma nimesimama. Ilisema kwamba kutokana na hitilafu iliyojitokeza katika utaratibu wa upimaji, maneno “udanganyifu wa mshiriki” yamefutwa kwenye kumbukumbu, na kitengo kinasikitika.

“Hitilafu iliyojitokeza,” alirudia. “Ilijitokeza yenyewe, kama kipele? Soma tena, mwanangu. Safari hii useme ni nani.”

Nikasoma tena, na nilipofika pale niliacha maneno ya barua nikasema, “Mimi ndiye niliyekuwa nikimwonesha jibu kwa sauti yangu. Mzee hakukariri kitu. Alisema vile kunisitiri, nami nikamwacha aitwe mwongo.”

Mkono wa mkewe ulisimama juu ya ungo.

“Kwa hiyo siku ile nakuomba msamaha,” alisema, “ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, mama.”

“Na ukaupokea.”

“Niliupokea.”

Aliweka ungo chini na kupangusa mikono kwenye kanga. Nilidhani atanifukuza, na ningeshukuru. Badala yake alikwenda kwenye mlango wa ndani akawaita wote waliokuwamo: binti zake wawili, wakwe, na wajukuu waliokuwa wakicheza uani. Wakaja mmoja mmoja wakisukumana, wakasimama nyuma ya kiti cha Mzee. Mkono wa mkewe ulikuwa umeshuka begani kwake.

“Haya,” mama aliniambia. “Anza upya. Na usome kwa sauti.”