Mkono wa Papa Juu ya Vali

Harufu ya tope la moto hunirudisha utotoni. Leo nina diploma ya ng'ambo na boila mbili za kuchemshia maji nilizonunua kwa jasho langu. Kila asubuhi nafungua vali ya chini mwenyewe, tope lililotuama ndani litoke kwa kishindo.

Zamani, kwenye kiwanda cha sabuni alikofanya kazi Papa, baba yangu, kazi hiyo alimfundisha binamu yangu, aliyehamia kwetu lava ya volkano ilipomeza nyumba yao. Aliufunika mkono wa binamu kwa mkono wake, wakazungusha vali pamoja.

"Na mimi, Papa?"

"Mwenzako lava imemumalizia vyote. Wewe uko na nyumba."

"Kaa mbali, mutoto, utaungua!" binamu akanicheka.

Jioni niliitazama nyumba yetu, mabati yake mazima, nikaichukia.