Picha Yenye Tundu Usoni

Mimi picha ya zamani ikiniingia mkononi, situlii. Wali umeniungulia jikoni si mara moja kwa sababu ya harusi ya watu nisiowajua hata. Mume wangu husema nina wazimu, nami akishasema namwonyesha nyingine. Nina kibanda cha kutoa kopi Kisauni, kando ya barabara ya Malindi, na watu huniletea vitambulisho, vyeti vya ubatizo, barua za chifu. Katikati ya karatasi hizo huwa kuna picha, na mimi huomba: "Niachie niipige tu kwa simu, haitapungua." Kisha naitupia kwenye grupu letu la WhatsApp, la watu wa Kisauni, Utange hadi Shanzu, na kelele zinaanza. Nani huyu mwenye suruali ya bomba? Hapa si pale palipojengwa kituo cha petroli? Raha yake, jamani, acha tu!

Mama mmoja auzaye mahamri na mbaazi mkabala na kibanda changu alinitazama na picha zangu miaka mingi bila kusema neno. Asubuhi moja akavuka barabara akiwa na kitu amekifunga kwenye pembe ya leso. Akakifungua mezani pangu. Ilikuwa picha ya kwaya, wanawake wamesimama mbele ya kanisa na magauni meupe. Wa pili kutoka kushoto hakuwa na uso. Palikuwa na tundu la mviringo, limekatwa vizuri kwa wembe.

"Huyo ndiye mamangu," akaniambia. "Hiyo mashine yako haiwezi kumrudisha?"

Mama yake alikufa yeye hajaanza hata kutambaa. Picha ilikuwa hiyo moja tu. Baba yake alipoweka msalaba kaburini aliukata ule uso, akaubandika pale nyuma ya kipande cha kioo, ili apitaye ajue ni nani amelala. Mvua za masika zikaingia chini ya kioo. Binti alipopata akili ya kuuliza, hapakuwa na kitu tena ila doa.

"Viatu vyake navijua," alisema. "Mikono naijua. Hata nikimwota, huja hivyo hivyo, na tundu."

Amepita miaka sitini huyu mama. Ana wajukuu. Mimi machozi yalinijaa, lakini wakati huohuo moyo ulianza kunidunda kwa furaha, maana niliona jambo ambalo yeye hakuliona. Picha ya kwaya haichapwi moja! Kila mwanakwaya hununua yake akaenda kuringia nayo nyumbani. Basi ule uso upo, umekaa mahali katika nyumba ya mtu.

"Mama, iko nyingine," nikamwambia. "Haki ya Mungu, iko nyingine!"

"Usinitie tamaa, mwanangu," akasema, akarudi kwenye mbaazi zake.

Tamaa nilikuwa nimeshajitia mwenyewe. Niliirusha picha kwenye grupu na maneno makubwa: anatafutwa mwenye nzima. Ebo! Wakaniletea kwaya za kila dhehebu, wakaniletea timu ya mpira, mmoja akaniletea picha ya mbuzi wake, sijui kwa nini. Halafu bwana mmoja akajitia fundi. Akaichukua ile picha, akaipitisha kwenye programu ya simu, akalijaza tundu kwa kichwa cha mwanamke mwenye meno meupe kama wa tangazo la sabuni. "Tayari!" akaandika.

Kwa bahati mbaya mama wa mahamri alikuwa amesimama kando yangu. Akainyakua simu. Akatazama, akatazama, akaisogeza karibu na macho. "Ndiye?" akaniuliza. Lahaula! Nilitamani kuinuka nikamtafute yule bwana nimchape kwa ndara.

"Siye, mama. Huyo ametungwa."

Akanirudishia simu polepole. Yule fundi nilimtoa kwenye grupu, na simrudishi ng'o.

Siku hiyohiyo, jua halijatua, ujumbe ukaingia kutoka kwa mwanamke wa Utange: "Huyo aliyesimama kulia kwa tundu ni mama mkwe wangu! Yuko hai, na mdomo anao!" Nilipiga ukelele, mteja akaangusha kitambulisho chake. Kesho yake nilifunga kibanda, mama wa mahamri akafunika sufuria zake, tukapanda tuktuk kwenda Utange. Njia nzima nilikuwa nikisema mimi. Yeye alishika pochi yake tu.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mwembamba, macho makali. Tulimwamkia, tukaketishwa, tukapewa chai, tukaeleza. Akaitazama picha yetu akapiga kofi pajani. "Kwaya yetu! Mimi huyu!" Kisha akatikisa kichwa. "Lakini yangu sinayo. Ilipotea zamani."

Mwenzangu akainamisha uso. Akasema hapana neno, ahsante bibi, tumekusumbua. Akaanza kuinuka.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona fremu ukutani. Mbele kulikuwa na mjukuu na joho lake la kuhitimu. Sasa, mtu aliyekulia nyumba zetu anajua: fremu ikishanunuliwa, haitolewi kitu. Picha mpya ikija, inawekwa mbele ya ile ya jana, mgongo unafungwa tena, maisha yanaendelea. Na fremu ile ilikuwa imevimba mgongo, misumari imepindwa kwa shida.

"Bibi, niruhusu niifungue."

"Uivunje fremu yangu? Thubutu!"

"Nikiivunja nakununulia mbili!"

Alinung'unika, akaniletea kijiko. Nikainyoosha misumari kwa mkia wa kijiko. Nikalitoa lundo lote kwa pamoja, nikaanzia mbele. Mjukuu na joho. Nyuma yake ubatizo. Nyuma ya ubatizo harusi, bibi akasema, "Ala! Kumbe hii ipo!" Nyuma ya harusi picha ya kalenda, maua ya nchi gani sijui. Nikaivuta kalenda. Palikuwa na magauni meupe.

Ilikuwa imegandana na kadi ya nyuma kwa unyevu. Sikuthubutu kuibandua. Niliiinua pamoja na kadi yake, nikahesabu kutoka kushoto, wa kwanza, wa pili, na sikutazama zaidi. Haukuwa wangu kuutazama kwanza. Nikampa mama wa mahamri.

Akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza, akaigeuza tena, hata nikaogopa kwamba mchwa wamekula mahali pale pale.

"Mbona ni mtoto?" akasema.

Nikasogea. Alikuwa msichana, mashavu bado ya utoto, midomo ameibana kama aliyekatazwa kucheka.

"Ni mdogo kuliko kitindamimba wangu," akasema. "Miaka yote namtafuta mtu mzima."

Akaifuta kadi kwa leso, akaiweka magotini, akajinyoosha kitini vizuri.

"Shikamoo, mama."

Kisha bibi, aliyekuwa bado ameikumbatia fremu yake tupu, akamjibia mwenzake wa kwaya.

"Marahaba, mwanangu."

Simu yangu ilikuwa ikilia mfululizo mkobani. Grupu zima lilikuwa macho: vipi, imepatikana? Nami, kwa kiherehere changu, nikaitoa. "Mama, niipige niwatumie? Watafurahi hao!"

Hakuinua macho.

"Wangoje," akasema. "Bado namwangalia."