Nusu ya Kibaraza

Watu wakiniuliza kwa nini sipendi kupigwa picha, huwa nasema macho yananiuma. Uongo mtupu. Sipendi kwa sababu mume wangu aliwahi kunikalisha kibarazani pamoja na baba yake ilhali sikukaa naye, na hasira ile haijanitoka mpaka leo.

Mimi ni Mhehe, mzaliwa wa upande wa Tosamaganga. Niliolewa na Mnyakyusa nikahamia kwao, milimani kusini mwa Mbeya. Huko mkamwana hamtazami bamkwe wake. Kwetu pia wakwe tunawaheshimu, lakini huko humtazami kabisa, humsemeshi, na njia anayopita hupiti. Ukisikia kikohozi chake unaingia migombani, unajifunika kanga mpaka apite. Nilijifunza hayo kwa machozi, maana mgeni ni kuku mweupe, na kila mwanamke wa pale alikuwa ananisubiri nikosee. Sikukosea. Miaka yote ile nilimjua bamkwe kwa kikohozi na kwa mlio wa fimbo yake. Uso wake sikuujua. Nilipika, watoto wakampelekea, na chungu kilirudi kitupu. Kwa chungu kile kitupu nilijua kwamba nimekubaliwa.

Mume wangu alikuwa mpiga picha za sinema, na ofisi yao ilikuwa Iringa. Mwishoni mwa miaka ya hamsini walimpa kamera mpya. Alipokuja nayo nyumbani aliilaza kitandani, upande wangu. Haikuwa na betri wala waya wa umeme. Ndani mlikuwa na springi, unaikaza kwa mkono wa pembeni kama unavyotia saa ufunguo. Ukibonyeza, inanguruma yenyewe kwa muda usiotosha hata kumaliza salamu za Kihehe, kisha inanyamaza na unaanza kuikaza upya. Alichojivunia zaidi ni jicho lake. Kamera yake ya zamani alichungulia kwenye kidirisha cha pembeni akabahatisha. Hii alitazama kupitia lenzi yenyewe, ile ile inayopeleka picha kwenye filamu, hata upana wa kidole haupotei.

"Unachokiona ndicho kitakachotoka," aliniambia. "Hii haidanganyi."

Mkubwa wake, Mzungu mmoja asiyekaa chini, alitaka sinema ya kuwafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Akataka familia nzima kibarazani: babu, mama, watoto, kila mtu na kikombe chake. Mume wangu akamweleza kwamba kwao babu na mkamwana hawakai pamoja. Yule bwana akacheka, akasema basi atamtafuta mpiga picha asiye na mila. Hapo ndipo mwanamume wangu, badala ya kukataa, alipofanya ujanja.

Siku ya picha bamkwe aliitwa kibarazani mimi nikiwa nimetumwa mtoni. Niliporudi alikuwa ameshakwenda kwenye ng'ombe wake. Kamera ilisimama uani juu ya miguu mitatu, imefungwa kamba kwenye mawe isitikisike. Mume wangu alikuwa ametia kijimkono kidogo ubavuni mwake, anairudisha filamu nyuma taratibu huku akitazama namba. Kitundu cha kuchungulia alikuwa amekiziba, mwanga usije ukaingia kwa nyuma ukaiunguza filamu. Alipomaliza, akachukua kadi nyeusi iliyokuwa imeziba nusu ya lenzi, akaihamishia nusu ya pili. Akazibua kitundu, akachungulia, akaisogeza kadi mpaka ukingo wake ukalala sawa na nguzo ya katikati ya kibaraza.

"Kadi ya nini hiyo?" nikamwuliza.

"Mambo ya kazi. Kaa na watoto huku, kulia mwa nguzo. Kunywa maji. Cheka kidogo."

Nikakaa, nikanywa maji. Nikacheka pia, na ukitaka kujua kilichoniuma zaidi baadaye, ni kile kicheko.

Filamu ilipelekwa ng'ambo kusafishwa, ikakaa miezi. Gari la sinema lilipofika kijijini, mume wangu alikuwa Iringa. Shuka jeupe lilitundikwa uwanjani, wanaume wakakaa mbele, sisi wanawake kando na nyuma kabisa. Giza lilipoanza kuingia mashine ikawashwa, na watoto wakapiga kelele: "Babu! Babu yule!" Nikavuta kanga nikajifunika uso wote, kama nilivyozoea migombani. Kisha kelele zikageuka, zikawa za watu wazima. Mke wa shemeji yangu akanifinya paja.

"Weye! Mbona na weye umo? Umekaa na mzee, unamchekea!"

"Si mimi."

"Ni weye, na kanga hiyo hiyo!"

Sikufunua uso. Niliongozwa kwa mkono mpaka nyumbani.

Hakuna aliyenigombeza. Kesho yake chungu kilirudi kimejaa, ndizi hazijaguswa. Siku iliyofuata vile vile. Akufukuzaye hakwambii toka. Mamkwe alinipita uani kama anavyokipita kinu. Nilipoapa kwamba sikukaa na mzee, walinijibu kwamba wameona kwa macho yao. Na kweli waliona! Nani atabishana na macho ya kijiji kizima? Nikaanza kufunga nguo zangu, nirudi kwetu kabla sijarudishwa.

Mume wangu aliporudi alinikuta mlangoni. Sikumpokea mzigo, wala salamu sikumpa. Akanieleza ujanja wake: nusu ya picha amempiga baba, akarudisha filamu, nusu ya pili akanipiga mimi, na nguzo ikaficha mshono. Alieleza huku anatabasamu, anasubiri sifa! Nilitamani kuchukua mchi.

"Ulisema haidanganyi," nikamwambia.

"Kamera haikudanganya."

"Basi umedanganya wewe. Ibebe, twende kwa mama yako."

Mamkwe alikataa kukisogelea kile kidude. Hasira ilikuwa imeshaniondolea adabu, nikamshika mkono nikamwinamisha mpaka jicho lake likafika kwenye kitundu. Mume wangu nilimsimamisha upande mmoja wa nguzo, mbuzi nikamfunga upande wa pili. Nikasogeza kadi, mbuzi akapotea. Nikaihamisha, mwanawe akapotea. Mamkwe akainua kichwa, akakitazama kibaraza kwa macho yake mwenyewe, akainama tena akachungulia muda mrefu. Kisha akamwendea mwanawe akamtandika kofi la mgongo.

"Mkeo umemwuza kwa kikaratasi hiki?"

Akaingia kwa mumewe, wakazungumza mpaka moto wa jikoni kwangu ukafifia. Jioni ile chungu kilirudi kitupu. Alikileta mamkwe mwenyewe, akasimama mlangoni pa jiko.

"Mzee anasema ndaga, ameshukuru chakula. Anasema hakujua kwamba mkamwana wake ana mwanya."

Nilishukuru, nikakisugua kile chungu kwa hasira. Kumbe yeye alinitazama. Wote walinitazama, hata yule ambaye kwa ajili yake nimelala kwenye matope ya migombani, na hakuna aliyeniomba ruhusa.

Bamkwe alifariki mvua zilizofuata. Watu walipita kumwona uso kwa mara ya mwisho, nami nikabaki kando na kanga usoni, kama inavyompasa mkamwana. Maombolezo yalipokwisha nilimwambia mume wangu akaniombee ile filamu Iringa, niitazame mara moja tu, maana nilidhani aliyekufa hakimbiwi tena. Aliporudi hakuniangalia machoni. Alijibiwa kwamba sinema ya maji imechakaa, imekatwa na kutupwa.

Kuanzia kijijini mpaka Mwanjelwa, mjini Mbeya, watu walituona mimi na bamkwe wangu tumekaa kibarazani, tunakunywa maji, tunacheka. Mimi peke yangu sijatuona.