Mafundo ya Murugi

Murugi hufuma sweta za shule ya upili kwenye kibanda kando ya soko la Karatina. Haoni tangu utotoni, lakini hajawahi kuniuliza rangi. Kila donge la uzi hulifunga fundo kwenye ncha: moja ni nyekundu, mawili ni kijani.

Mimi jirani yake, fundi wa cherehani, sikulijua hilo. Siku moja alipotoka kununua chai nilimwonea huruma, nikafungua mafundo yote nikidhani uzi umejisokota. Nikajiona mtu mwema kweli.

Kesho yake mama mmoja alikuja kuchukua sweta ya kijani ya binti yake, akapata mkono mmoja mwekundu. Murugi akapapasa ncha za uzi, akanigeukia.

“Mama Njoki, ni wewe uliguza uzi yangu?”

Nikakubali.

“Na mdomo ya kuniuliza hukuwa nayo?”

Alimfumia yule mama sweta nyingine. Ile ya kwanza alinipa mimi, kwa masharti. Naivaa kila siku ya soko, na watu wakiuliza mbona mikono haifanani, nimeagizwa nijibu hivi: nilikuwa namsaidia Murugi.