Spea wa Purandar

Tulizaliwa uchochoro mmoja wa wafumaji kando ya mto Tel, mimi na Purandar Meher, na tangu utotoni nilimshinda karibu kila kitu. Sari nilizofuma zilikuwa na nakshi safi kuliko zake. Shuleni mwandiko uliosifiwa ni wangu. Lakini siku viongozi wa chama walipokuja kutafuta mtu wa kugombea ubunge wa jimbo, mimi nilikuwa ukweni, yeye amekaa zake kwenye kibanda cha chai anatafuna tambuu. Wakamchukua.

Akakaa bungeni Bhubaneswar miaka ishirini. Na alifanya nini cha ajabu? Alipigia kelele daraja letu mpaka likajengwa. Hakukosa msiba hata mmoja. Alijua mpaka majina ya ng'ombe wa watu! Mimi niliona bahati tu, tena bahati iliyokuwa yangu.

Chama nacho kikanipa kazi ya kunimaliza kabisa: mgombea wa akiba. Kila uchaguzi nilijaza fomu kama yake, ili yake ikikataliwa, yangu ishike nafasi. Yake ikikubaliwa, yangu inatupwa. Mara nne ilitupwa. Mtaani wakaniita Tairi la Spea, kisha Spea tu.

"Spea, upepo umo?" wauza samaki walinitania.

"Umejaa tele!" niliwajibu, roho ikiniuma.

Uchaguzi wa tano, tulijaza fomu pamoja, umeme ukakatika tukiwa tunamalizia. Kesho yake asubuhi, siku ya mwisho ya kuzirudisha, Purandar alikuja kwangu. Mke wangu Sukanti akampa wali wa kulowekwa na samaki wa kukaanga, akala kama yuko kwake. Kisha tukabadilishana fomu tukaguliane, kama kawaida yetu.

"We Khageswar, unazeeka wewe," alisema mdomo umejaa. "Hapa mwisho hujaweka sahihi. Wangekutupa nje."

Nikaweka sahihi. Nikafunua ukurasa wa mwisho wa fomu yake. Chini palikuwa patupu vilevile.

"Yangu je?" akauliza.

Nilisikia raha, sitaki kudanganya. Raha niliyoingoja miaka ishirini.

"Iko sawa, kaka," nikamwambia.

Siku ya ukaguzi msimamizi wa uchaguzi aliigeuza fomu ya Purandar mara mbili, akatangaza imekataliwa. Yangu ikapita. Nilisubiri Purandar anirukie. Yeye akavua koja la maua shingoni mwake, akanivisha mimi.

"Afadhali ya kwako niliikagua vizuri," alisema. "Leo tungekosa wote."

Akazunguka nami vijiji vyote akiniombea kura, nikashinda. Sasa mheshimiwa ni mimi. Nimeweka viti kumi na viwili barazani, na kila asubuhi naketi peke yangu nikiwatazama watu wakipita mlangoni kwangu kwenda kumweleza Purandar shida zao. Mchana ananiletea shida hizo zimeandikwa kwenye karatasi, na chini ya kila karatasi ameweka sahihi yake, kubwa, ya kusomeka.

"Iko sawa, kaka?" huniuliza akinikabidhi.

Hacheki wala hajakasirika. Nami, mheshimiwa mzima, namwonea wivu bado, huku naipokea karatasi kwa mikono miwili.