Tochi Niliyommulikia Mama Mkwe

Nakiri mapema, msije mkasikia kwa wengine: mimi mwenye diploma ya umeme, niliyefanya kazi Dar miaka tisa na kurudi Madibira nikiendesha gari langu mwenyewe, nimewahi kumtumbukiza mama mkwe wangu mferejini kwa tochi. Niliporudi walisema sitaweza, wengine wakanipa msimu mmoja tu, wengine wakasema nitauza hata bati nirudi mjini, na mama mkwe mwenyewe alimtuma mtu aniulize kama diploma nayo inapandwa kwenye jaruba la mpunga. Nikafungua duka la vifaa vya umeme, nikajenga nyumba (vyumba vinne, si vitatu kama wanavyosema), wakanyamaza.

Sasa mpunga ukikomaa, kina mama hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuamia ndege, maana kwelea wakikutangulia shambani, umekwisha. Msimu ule vibaka wakaanza kuwavizia kwenye njia ya mfereji, wakapora simu, mama mmoja akavunjwa mkono, wengine wakaogopa kutoka na ndege wakawa wanakula mpunga wanavyotaka. Basi kina mama kumi na wawili wakachanga, wakampa mke wangu pesa, wakasema fundi atuchagulie tochi za kujihami.

Walitaka zile za betri mbili kubwa zinazouzwa kila kioski. Mimi nikaona mtu wa diploma hawezi kuleta tochi ya bibi, nikaendesha mpaka Mbalizi, nikarudi na tochi nyeusi, fupi, za kuchaji, zenye mwanga wa aina tano kwenye swichi moja: mkali, hafifu, wa kumetameta wa kumvuruga adui, na mingine hata siikumbuki. Betri yake ilikuwa ndogo, ila imeandikwa namba kubwa ajabu ya uwezo wa chaji, na badala ya kuiacha imewaka nyumbani nione inadumu muda gani (ushauri ninaowapa wateja kila siku), nikaiamini namba.

Mama Tumaini, muuza vitumbua, akaipima kiganjani. "Fundi, mbona nyepesi kama gunzi?"

"Teknolojia haina uzito, Mama Tumaini."

Akaguna, akaipokea.

Alfajiri ya kwanza nikaongoza msafara mimi mwenyewe, tochi yangu ikiwaka tangu nyumbani, mke wangu nyuma kabisa, nashtuka kwa kila jani linalotikisika, lakini mwanaume umeshatangulia, utageukaje? Tulipokaribia daraja la mbao nikasikia kikohozi. Mtu kasimama, koti refu la kiume, fimbo mkononi.

"Nani wewe?"

Yule mtu akasogea pembeni.

Nikabonyeza, ukaja mwanga hafifu, nikabonyeza tena na tena, ukaja ule wa kumetameta, nikamlenga machoni nikapiga kelele: "Mwizi! Lala chini!" Yule mtu akaziba uso, akarudi nyuma hatua mbili, chubwi! Na papo hapo tochi ikazima.

Nikaibonyeza, nikaitikisa, nikaipiga kwenye paja, huku nasikia mtu anahangaika majini na najua ana fimbo, na nyuma yangu kuna wanawake niliowaambia watembee bila hofu. Wakawasha za kwao, mbili zikakata hapo hapo. Mama Tumaini akachomoa kwenye khanga tochi yake ya zamani (alikuja nayo bila kuniambia, betri kazianika juani siku mbili), akamulika. Mke wangu akapiga yowe: "Baba Neema! Huyo ni mama!"

Mtasema, mtu hamjui mkwewe? Kwetu mama mkwe humtazami usoni, mkikutana njiani unapisha, unainamisha macho, unasalimia kwa mbali, naye hajibishani nawe ovyo. Miaka saba ya ndoa nilikuwa namjua kwa miguu tu, na asubuhi ile miguu ilikuwa ndani ya mabuti ya mpira. Kumshika mkono nako ni mwiko, kwa hiyo wenzangu wakimvuta kutoka kwenye matope, mimi nilibaki ukingoni nimeinamisha kichwa kama ninayesali.

"Mwambieni mkwe wangu," akasema akiwa amenipa mgongo, "angekuwa mwizi kweli, saa hizi mwanangu ni mjane."

Kina mama walijizuia mpaka mashambani. Huko walicheka mpaka kwelea wakahama.

Nyumbani niliichaji betri ile ikajaa, nikaiwasha, ikadumu dakika kumi na moja. Nikatuma jogoo kwa mama mkwe kupitia mshenga kuomba radhi, kisha nikaanza kurudisha pesa kutoka mfukoni mwangu, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba nikalazimishwa kusimulia upya. Baada ya nyumba ya kumi na moja nikamwambia mke wangu imebaki ya mtu mmoja, simjui.

"Ya mama," akasema. "Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchanga, akanikataza nisikwambie, usije ukavimba kichwa. Pale darajani alikuwa anatusubiri apewe tochi yake."

Nilikwenda kwake kesho yake. Niliiweka pesa kizingitini pamoja na tochi ya betri mbili kubwa, swichi moja, mwanga mmoja, ambayo nilikuwa nimeiacha imewaka usiku kucha nikiichunga kama mgonjwa, na macho yangu sikuyainua kutoka chini.