Gari la Kulala Lililodhaniwa la Maiti

Siku hizi vijana wananisimamisha hapa Gitothua waniulize habari za gari langu. Wameona picha kwa simu, wanataka gari la kulala ndani, ile wanaita kempa, waende Naivasha, waende mpaka Turkana. "Mathe, hii ni ya kampuni gani? Mbona hakuna mtu huisema?" Nawaambia ni kwa sababu watu hununua jina. Hii haili mafuta sana, fundi yeyote wa Ruiru anaijua injini yake, spea zinapatikana hata Thika. Wakiniuliza niliijuaje mimi, mama wa mitumba, nasema nimeacha chungu kwa moto.

Hakuna chungu. Ni haya tu. Nimeonelea niandike, maana kwa mdomo haitoki vizuri.

Mimi ni mmoja wa waliotoka hai kwa basi lililopinduka tukirudi kutoka mazishi. Ninaowalaumu ni watano. Majina yao sitayaandika, nisije nikaitwa kortini, lakini wenyewe wanajijua. Wa kwanza ni dereva, aliyekuwa anashindana na mwenzake kwenye mteremko na sisi tunampigia kelele apunguze. Wa pili ni mwenye basi. Breki aliambiwa ni mbovu, akasema zitatengenezwa likirudi. Wa tatu ni daktari aliyenitoa mpira wa mkojo bila kuniangalia usoni, akasema nyonga imeunga, niende nyumbani nimshukuru Mungu. Nyonga iliunga kweli. Mkojo ndio haukushika tena.

Wa nne ni mume wangu. Alivumilia harufu msimu mmoja wa mvua, halafu akahamia Githurai 45 kwa mwanamke wa kuuza viazi karai. Kwenda simlaumu sana. Namlaumu kwa kubeba godoro jipya akaniachia lile lenye harufu.

Kanisani wakanifanya ushuhuda. Mgeni akija, pasta ananisimamisha: "Huyu mama mnayemwona hapa alitolewa chini ya basi." Watu wanapiga makofi. Mimi nimesimama na kitambaa kimekunjwa katikati ya miguu, naomba makofi yaishe kabla sijaaibika mbele ya madhabahu. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na watu wakasema ni unyenyekevu.

Nikajifunza kuishi karibu na choo. Kibanda changu cha nguo sokoni nilikichagua kwa sababu kimepakana na choo cha soko. Wateja ningewatafuta baadaye. Thika nilikuwa nafika, kwa vile najua choo cha stendi na kile cha hospitali. Kupita Thika sikupita. Kaka yangu anakaa Gatuanyaga, si mbali, lakini Krismasi baada ya Krismasi nilikosa kwake nikisingizia vumbi la huko na kifua changu.

Aliyejua ni msichana wangu wa kuzaa peke yake. Ndiye alikuwa akifua.

Sasa msichana akapata mchumba, kijana wa Kinangop. Wakaja na wazee wao kwangu, wakaongea yao vizuri, na choo changu kiko hapo mlangoni, hakuna aliyejua kitu. Ikabaki zamu yetu kwenda kwao kuona itara. Itara ni dari ya fito juu ya moto wa jikoni, pale kuni hukaushiwa. Watu wa msichana huenda kuangalia kama huko anakopelekwa kuna moto na kuna kuni. Na kwetu mama asipoenda itara, hakuna anayesema ni mgonjwa. Wanasema amemkataa kijana. Mtoto akija kuugua miaka ijayo, ng'ombe akifa, watarudi kwa siku hiyo: mama yake hakukuja.

Kinangop ni asubuhi nzima barabarani. Kwa minibasi ya kukodi, ukitaka kushuka unaita dereva asimame, na kila kichwa kinageuka kuona ni nani.

Mkutano wa safari ulifanyika kwangu. Kaka yangu ndiye alikuwa anasimama mahali pa baba, yule wa Githurai hakuitwa. Nilisema mimi nitaenda kivyangu.

"Mwari wa maitu," kaka akasema, yaani binti ya mama, ndivyo ananiita tangu tukiwa wadogo, "sisi sote ni minibasi. Wewe una nini?"

"Nitaenda na gari langu."

Mke wake akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Gari gani? Ya kusukuma? Sista, kama hutaki huyo kijana sema. Usituzungushe."

Huyo ndiye wa tano katika hesabu yangu, na nitarudi kwake.

Fidia ya ajali ilikuwa imetoka hatimaye, na kaka alikuwa ameshaipangia kisima huko Gatuanyaga. Mimi nikaipeleka Thika. Kuna yadi upande wa viwanda ambako jamaa mmoja anauza magari ya kulala, mengine ya wazungu walioendesha Afrika nzima wakachoka, mengine yametoka Japani. Nilikwenda na msichana wangu. Yeye huendesha pikapu ya maziwa, gari analijua.

"Mama, unamtafutia nani?" mwenye yadi akaniuliza.

"Mimi."

"Ni ya kubebea watalii?"

"Ni ya kulala."

Akatupeleka kwa ile ambayo kila mtu anaijua, ya hema juu ya paa na ngazi ya kupandia, na friji nyuma. Akaipiga bodi kama anapiga ng'ombe wa maonyesho. "Hii hata ukitaka kuiuza kesho inaenda. Jina lake peke yake ni mnunuzi."

"Choo kiko wapi?"

"Choo ni msituni, mama. Huo ndio utamu wa kambi."

Ya pili ilikuwa kubwa kama nyumba, ya Ulaya. Choo ilikuwa nacho, na bafu, lakini alikubali mwenyewe kwamba ukivunja taa unaagiza ng'ambo na kungoja. Nikaona nyingine kule nyuma, chini ya mti, imejaa majani juu. Ndefu, nyeupe, mapazia ya zambarau. Ni aina ambayo huku tunaijua kwa vitu viwili, kubeba mkate na kubeba maiti.

"Hiyo achana nayo," akasema. "Imekaa. Kila mtu akiifungua anatafuta jeneza."

Nikaifungua. Kulikuwa na kitanda kinachokunjwa kuwa benchi, jiko dogo la gesi, tangi la maji, sola juu. Na nyuma kabisa kimlango chembamba. Ndani yake choo, na chini yake sanduku unalivuta kutoka nje ya gari unaenda kumwaga mahali pake. Niliingia nikafunga. Nikakaa juu yake na nguo zangu zote, magoti yamegusa ukuta. Nje niliwasikia wakiongea habari za breki. Nilikaa mpaka mwenye yadi akagonga.

"Mama, kuna shida?"

"Hakuna."

Msichana wangu alikagua chini kama kuna kutu. Mimi nikabonyeza kuta kona za juu, vile mtu anabonyeza parachichi, kwa sababu magari haya huvuja kwenye maungio ya paa, ukuta ukaoza ndani na nje hujui. Zilikuwa ngumu. Haya nawaambia vijana pia: ubonyeze kona, uwashe jiko, uvute sanduku la choo uone kama mpira wake umepasuka. Jina lililoandikwa mbele lisome mwisho.

Kitu kimoja ndicho sikushughulikia. Yale mapazia. Nilisema nitayabadilisha, na nguo zimejaa kibandani, sikuyabadilisha.

Asubuhi ya safari tulikutana kwenye kituo cha petroli Ruiru. Minibasi imesimama, wanawake wamefunga leso, vikapu vya zawadi viko chini. Msichana wangu akaingia na gari polepole, mimi kando yake. Wazee wakavua kofia.

Hakuna aliyewaambia wavue. Waliona gari refu jeupe lenye mapazia ya zambarau, mikono ikaenda yenyewe.

Mke wa kaka akasogea dirishani. "Nani amekufa?" Kisha akaniona vizuri. "Ni wewe? Unapeleka gari la maiti kwa itara ya mtoto wako? Si ungekataa tu kwa mdomo."

Mjomba wetu mmoja akasema yeye nyuma ya gari hilo hafuati, afadhali arudi kulala. Mwingine akasema wakwe wakiona hiyo ikiingia kwa geti watatafuta jembe. Wakacheka wengine, lakini minibasi haikuwashwa. Kaka akaja upande wangu akaongea kwa sauti ya chini.

"Mwari wa maitu, liache hapa. Panda na wenzako. Tafadhali."

Msichana wangu alikuwa ameshika usukani anaangalia mbele tu. Hangesema. Miaka yote hiyo hakusema. Nikaona nikipanda minibasi nitafika Kinangop nimelowa, na nikirudi nyumbani nitakuwa nimemkataa kijana. Nikashuka.

"Kuja," nikamwambia mke wa kaka. Nikafungua nyuma, nikafungua na kile kimlango. "Ni choo. Ni changu. Tangu basi sishiki mkojo."

Nilidhani namwambia yeye peke yake. Wanaume walikuwa wamemfuata waone jeneza. Wakasikia wote. Mjomba akainama kuangalia tairi, na tairi halikuwa na kitu. Kaka yangu aliangalia viatu vyake. Nilitamani lami ifunguke.

"Tangu basi?" mke wa kaka akasema. "Na ushuhuda wote huo?"

"Tangu basi."

Kisha akapanda ndani bila kuniomba, akang'oa yale mapazia, akatoa kwenye kikapu leso za zawadi, za maua ya manjano, akaanza kuzibana dirishani na pini za nywele. "Hizi tutazitoa tukifika karibu," akasema. "Twendeni."

Usifikiri alibadilika. Kabla hatujafika Limuru minibasi nzima ilikuwa imejua yote, na mengine ya kuongeza. Najua kwa sababu walipotupita, nyuso za wanawake dirishani zilikuwa zimelala upande, vile mtu anaangalia mgonjwa wa wodi. Huyo ndiye wa tano, na hilo ndilo kosa lake. Msichana wangu akasema, "Mami, usiangalie." Niliangalia.

Tukafika Kinale, baridi, ukungu, chai ya asubuhi imewafikia wote. Minibasi ikasimama. Mke wa kaka akaja akigonga mlango wa nyuma.

"Sista. Hicho choo kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

Akaingia. Nikabaki nje nimeshika mkoba wake. Nyuma yake wakapanga mstari wengine, na mama mzee mmoja akasema ni kizuri kuliko cha kwake. Labda mtu mwingine angefurahi. Mimi nilisimama na mkoba wa mwanamke aliyenitangaza, nikiona aibu kama mtu ambaye nguo zake za ndani zimepitishwa mkono kwa mkono.

Kwa wakwe tuliingizwa jikoni, tukakaa kuzunguka moto. Maneno ya wazee ni marefu. Nilibana nilivyoweza, halafu nikainuka, na kutoka pale mpaka kwenye gari ni kupita mbele ya wanaume wote wa pande mbili. Upande wetu wote waliinamisha macho pamoja. Hapo mke wa kaka akainuka pia, kwa sauti: "Ngojeni, hata mimi nimebanwa." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananifunika au alibanwa kweli. Sikumuuliza. Tulikwenda tukarudi pamoja.

Niliporudi, mama ya kijana alinishika mkono akanionyesha juu. Kuni zilikuwa zimejaa, zimekauka, nyeusi kwa moshi. Wote wakaningoja.

"Nimeona," nikasema, na wanawake wakapiga vigelegele.

Jioni tulirudi Gitothua. Msichana wangu akazima gari, akavaa glavu, akazunguka kwenda kuvuta lile sanduku, vile amezoea kushughulika na vitu vyangu. Nikamshika mkono.

"Wacha," nikamwambia. "Wewe unaenda kwako. Hii nitamwaga mwenyewe."

Akavua glavu akanipa. Zilikuwa bado na joto la mikono yake.